Shukrani kwa mtaalamu wa hebaria

Wewe unayefanya kazi hebaria, ile hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, sikuwahi kuuliza jina lako, na barua yako ilikuwa na saini tu isiyosomeka. Basi nakushukuru hivyo hivyo.

Nilitaka kujua mmea fulani wa shambani kwangu, na mara ya kwanza nilikutumia majani yake matupu ndani ya mfuko wa plastiki. Yalikufikia yameoza, uji mtupu. Hukunicheka (au ulicheka pembeni, na ilikuwa haki yako). Ulinieleza kwa upole: ng'oa mmea mzima, mzizi, shina, jani na ua, ulaze kati ya magazeti, ukandamize kwa kitu kizito, ubadilishe magazeti kila siku mpaka ukauke. Andika tarehe na mahali ulipouchuma.

Nilikuwa nimeshaamua kwamba ni maua ya porini tu. Wewe ukaulinganisha na sampuli za zamani zilizobandikwa kwenye karatasi, ukatazama vile vichwa vyeupe vyenye pembe tano na shina lenye mifereji, ukanijibu: gugu karoti, Parthenium hysterophorus, asili yake mabara ya Amerika.

Jibu hilo liliokoa shamba. Nilikuwa nikilifyeka gugu hilo kila mara, kumbe likifyekwa huchipua tena kutoka shinani! Na ule upele wa mikononi, niliousingizia sabuni, ulikuwa wake. Sasa tunaling'oa na mizizi kabla halijatoa maua, tumevaa glavu.

Uliniambia sampuli yangu imehifadhiwa humo hebaria, na tarehe yake. Asante sana, ndugu. Nyingine iko njiani, safari hii imekauka vizuri.