Tarehe ya kuanza kuugua ipewe safu yake

Ndugu Mhariri,

Kila mlipuko wa ugonjwa unapozuka hapa Uganda, wito huwa uleule: wahudumu wa afya wapewe mafunzo zaidi. Nasi tunauunga mkono. Kuna mafunzo ya miezi 3 kwa watumishi wa wilaya, na yale ya miaka 2, yaliyoanza mwaka 2015, kwa watakaoongoza uchunguzi wenyewe. Ombi letu ni dogo kuliko hayo, ila tunaamini ndilo linalobeba kazi nzima: asihitimu mtu yeyote kabla hajaweza kuuliza, kuhakiki na kuandika siku ambayo mgonjwa alianza kuugua.

Daftari la wagonjwa wa nje huandikwa tarehe mgonjwa alipofika. Mtu wa Bwera anaweza kuanza kuhara Ijumaa, akanunua vidonge dukani Jumamosi, akafika kituoni Jumatatu. Daftari litasema Jumatatu. Ukichora grafu ya mlipuko kwa tarehe hizo, nguzo ya Jumatatu inapaa na ya Jumapili inabaki fupi. Timu itahangaika kutafuta kilichotokea mwanzoni mwa wiki, kumbe imechora saa za kazi za kituo.

Kosa hilo huingia pia kwenye maswali. Kipindupindu hujificha mwilini kwa saa chache hadi siku 5, kwa hiyo mgonjwa huulizwa maji na chakula cha siku 5 kabla ya dalili ya kwanza. Majirani wasiougua, wa kulinganisha naye, angalau wawili kwa kila mgonjwa, huulizwa siku hizohizo. Ukihesabu kuanzia Jumatatu badala ya Ijumaa, unarudi nyuma hadi Jumatano tu. Kisima alichotekea Jumanne hakiulizwi kabisa, na maji aliyonyweshwa akiwa tayari hoi ndiyo yanayoshukiwa.

Kwa Ebola gharama ni kubwa zaidi. Damu iliyochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili ianze inaweza kuonekana haina virusi ilhali vimo, na lazima ichukuliwe nyingine. Majibu yakitoka maabara ya Entebbe, anayeyasoma bila tarehe sahihi ya kuanza kuugua anaweza kumrudisha mgonjwa wa Ebola katika wodi ya kawaida. Orodha ya watu waliokaribiana naye, wale wa kufuatiliwa kwa siku 21, nayo huanzia siku ya dalili ya kwanza. Ukipoteza siku 3 za mwanzo, umempoteza aliyelala naye na aliyefua shuka zake. Ebola ya mwaka 2022 ilipotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba, tayari watu walikuwa wamefariki vijijini. Hadi inamalizika, wagonjwa 142 walithibitishwa kwa vipimo na 55 kati yao walifariki. Kuufuata mnyororo wa maambukizi wa namna hiyo kwenda nyuma ni kuketi na wafiwa na kuwauliza, kwa upole, marehemu alianza kuugua lini.

Na swali hilo haliulizwi mara moja likaisha. Kwa watu wetu wengi "juzi" ni siku yoyote ya wiki hii, na "kuugua" huanza pale mtu anaposhindwa kwenda shambani. Anza na dalili yenyewe: ni kitu gani cha kwanza ulichohisi hakiko sawa? Kisha ifunge siku hiyo kwenye tukio: siku ya soko la Mpondwe, swala ya Ijumaa, misa, mazishi ya jirani. Halafu tembea naye kwenda mbele, siku baada ya siku, mpaka leo. Hesabu ikigoma, rudini mwanzo. Mtu aliyemuuguza aulizwe peke yake. Tarehe ikikosekana kabisa, acha wazi na uweke alama. Nafasi iliyo wazi itamfanya mtu arudi kuuliza, lakini tarehe ya kubuni hakuna atakayeishuku.

Saa nazo zina mtego wake. Mgonjwa amekula karamuni saa moja jioni, akaanza kuhara saa nane usiku: hizo ni saa 7. Karani akijaza fomu ya Kiingereza akaandika karamu saa 7, ambayo ni sahihi, lakini kuhara akaandika 8 badala ya 2, muda unakuwa saa 1, na timu inatafuta sumu ya aina nyingine kwenye chakula kingine. Wanafunzi wazoezwe kuandika saa kama alivyoitamka mgonjwa, na ya fomu pembeni yake.

Hatumlaumu muuguzi mwenye foleni hadi mlangoni. Anajaza tarehe ya kufika kwa sababu fomu yenye nafasi tupu hurudishwa, na yenye tarehe ya uongo hupokelewa. Hata shabaha ya 7-1-7, yaani siku 7 za kugundua mlipuko, 1 ya kutoa taarifa na 7 za kukamilisha hatua za awali, huifanya wilaya ionekane ina kasi pale tarehe ya kufika inapokaa mahali pa tarehe ya kuugua.

Tunapendekeza mtihani wa mwisho ufanyike kituoni, si katika ukumbi wa hoteli. Mwanafunzi alete orodha ya wagonjwa 20 wa kituo chake. Mkufunzi achague 5 bila kumwambia, awafuate nyumbani akiongozana na timu ya afya ya kijiji, awaulize upya. Tarehe zikipishana kwa zaidi ya siku moja kwa wagonjwa wawili, mwanafunzi arudie. Na kwa kuwa madaftari mapya huchelewa kufika, kila kituo kipige mstari kwa rula wiki hii, kando ya safu ya tarehe ya kufika, na juu yake kiandike: alianza kuugua lini.

Wakufunzi wa ufuatiliaji wa magonjwa,
Kasese