Programu nimeinunua, nisiambiwe nimeazimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nina duka la steshenari Sinza. Nilinunua programu ya mahesabu kwa Sh380,000, nikalipa zote na kupewa risiti. Haukupita mwaka, umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, kompyuta ikaungua. Nikanunua nyingine, fundi akaweka programu ile ile. Ikagoma: eti namba yake ya kuifungulia imeshatumika.

Nilipompigia muuzaji aliniambia, "Mama, hukununua programu, ulinunua leseni ya kuitumia kwenye mashine ile." Akasema masharti yamo ndani ya boksi. Kweli yamo. Ni kikaratasi kilichokunjwa mara nne, Kiingereza kitupu, herufi kama sisimizi, na mstari wa kwanza unasema ukifungua boksi hili umeyakubali yote. Ningeyasomaje kabla ya kulifungua? Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, halafu unaambiwa hata mbuzi si wako. Na orodha ya wanaonidai na ninaowadai imo ndani ya programu hiyo, siwezi kuifungua.

Wamarekani walishapita njia hii. Mwaka 1999 tume yao inayoandaa sheria za mfano kwa majimbo ilipitisha sheria ya mikataba ya programu za kompyuta, iitwayo UCITA. Iliyapa nguvu masharti ambayo mnunuzi anayaona baada ya kulipa. Asiyeyataka arudishe bidhaa. Awali iliruhusu hata muuzaji kuizima programu kwa mbali, kwa taarifa ya siku 15. Watetezi wa walaji na wakutubi waliipinga vikali. Virginia na Maryland tu ndiyo yaliyoikubali, huku Iowa, North Carolina, West Virginia na Vermont yakitunga sheria za kuwakinga watu wao dhidi yake. Mwaka 2003 tume yenyewe ikaacha kuipigia debe.

Ulaya walifika mbali zaidi. Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Oracle, kampuni ya kutengeneza programu, na UsedSoft, iliyokuwa ikiuza leseni zilizokwisha kutumika, iliamua kwamba aliyelipa mara moja kwa leseni isiyo na kikomo cha muda ameuziwa nakala yake, na anaweza kumuuzia mwingine mradi ya kwake haitumii tena. Huo ndio uamuzi ninaouona wa haki. Nikiuza cherehani yangu, kiwanda hakiniulizi.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume yake, FCC, yenye kazi ya kumlinda mlaji. Naisihi FCC isiishie kwenye bidhaa bandia za kushikika, maana siku hizi hata mahesabu ya duka yanakaa kwenye programu. Na wabunge wetu, siku suala la leseni za programu litakapofika mezani kwao Dodoma, wasikubali kunakili alichoandika muuzaji. Masharti yaonyeshwe kabla ya malipo, na kwa Kiswahili. Programu iliyolipiwa mara moja ihamie kwenye mashine mpya ya mwenyewe bila kulipiwa upya. Na kumbukumbu za mteja zitolewe wakati wowote anapozihitaji, hata kama leseni ina mgogoro. Kwa sasa madeni ya duka naandika kwenye daftari, na nusu ya wateja nimewaomba wanikumbushe wenyewe kiasi wanachodaiwa.

Mwenye duka,
Sinza, Dar es Salaam