Cheti safi cha polisi hakitoshi kumkabidhi mtu mtoto au mzee

Wateja wengi wanaotafuta walezi hutujia sisi tunaohakiki waombaji wa kazi hiyo, wakiwa na ombi moja: "Tuangalizieni kama huyu ana rekodi polisi." Ni ombi la busara, na kazi hiyo tunaifanya. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumekuacha na imani isiyo na msingi, na atakayeumia ni mtoto wa bweni, mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani, au mzee ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka.

Cheti cha polisi, yaani cheti cha mwenendo mwema, hueleza kile ambacho mamlaka za nchi moja zilikijua siku kilipotolewa. Kesi inayofunguliwa wiki inayofuata haimo. Makosa aliyoyafanya mtu akiishi nchi nyingine kwa kawaida hayamo pia, ndiyo maana tunaomba cheti kutoka kila nchi aliyokaa kwa muda mrefu. Tena mara nyingi hakionyeshi tuhuma ambazo hazikufika mahakamani, na makosa dhidi ya wasiojiweza ndiyo hasa yanayokwama njiani. Anayeumizwa ni mdogo, au hawezi kuongea, au anamtegemea huyohuyo anayemuumiza kwa chakula na dawa. Familia inaona aibu. Taasisi nayo inamwambia mhusika ajiuzulu kimyakimya, kisha inamwandikia barua nzuri ya kumsindikiza kwa mwajiri mwingine.

Mfano unaojulikana sana katika fani yetu ni wa Soham, Uingereza. Mwaka 2002 wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na Ian Huntley, aliyekuwa mtunza majengo wa shule ya sekondari mjini humo. Huko alikoishi awali alikuwa ametuhumiwa mara kadhaa kwa makosa ya kingono, lakini hakuna lililomtia hatiani. Alipoomba kazi alitumia jina la ukoo Nixon, na upekuzi haukufanywa kwa jina la Huntley. Uchunguzi wa Sir Michael Bichard, uliotoa ripoti mwaka 2004, uliwakosoa polisi kwa namna walivyotunza taarifa, na uligusa pia namna historia yake ya ajira ilivyohakikiwa. Mwaka 2006 ilitungwa sheria mpya, na leo taasisi iitwayo DBS, iliyoundwa mwaka 2012, hutunza orodha za watu waliopigwa marufuku kufanya kazi na watoto au na watu wazima walio hatarini. Mtu anaweza kuingizwa humo hata kama hajawahi kutiwa hatiani.

Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa mwombaji ni majina: yote aliyowahi kuyatumia, ya kuzaliwa, ya ndoa, na yale aliyobadilisha. Tunayalinganisha na vitambulisho halisi, si picha za kwenye simu. Kisha tunapitia historia ya kazi mwezi kwa mwezi. Pengo si kosa. Watu huugua, huzaa, huuguza wazazi. Tunachotaka ni maelezo yanayoweza kuthibitishwa.

Hatua inayotupa taarifa nyingi kuliko zote ni kuzungumza na waajiri wa zamani. Barua iliyoandikwa "kwa yeyote anayehusika" hatuipi uzito. Nambari ya simu tunaitafuta wenyewe kupitia taasisi husika, kwa sababu ile aliyotupa mwombaji inaweza kuwa ya binamu yake. Tunauliza aliondoka kwa sababu gani, kama aliwahi kulalamikiwa au kuchunguzwa kinidhamu kuhusu anaowahudumia, na kama wangemwajiri tena kwa kazi ileile. Kimya cha ghafla kwenye swali hilo la mwisho tunakiandika, halafu tunalirudia kwa namna nyingine. Mashirika ya misaada nayo yana mpango wao tangu mwaka 2019, Misconduct Disclosure Scheme, unaowataka waulizane moja kwa moja kuhusu utovu wa nidhamu wa kingono wa miaka mitano iliyopita. Hata kama wewe ni kituo kidogo, swali hilo unaweza kuliuliza.

Usimkatae mtu kwa sababu tu cheti chake kina doa. Aliyeiba akiwa kijana miaka ishirini iliyopita hana uzito sawa na aliyempiga mgonjwa mwaka jana. Tunakushauri upime aina ya kosa, muda uliopita, na kazi yenyewe, kisha umpe nafasi ya kujieleza. Sheria za nchi yako ndizo zinazosema unaruhusiwa kuuliza nini. Na upekuzi wowote tunaufanya kwa idhini ya maandishi ya mwombaji. Majibu hayasambazwi kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyakazi.

Tunapata pia ombi hili: mlezi ameondoka leo, anatakiwa mwingine kesho asubuhi. Tunaielewa shida hiyo, lakini hatumtoi mtu ambaye hatujamaliza kumhakiki. Ukiamua kumpokea wewe mwenyewe kabla ya majibu, asiachwe peke yake na mtoto au mgonjwa hata kwa dakika za kuoga. Awe chini ya mfanyakazi aliyekwisha kuhakikiwa, na wahudumiwa waelezwe ni nani wa kumwambia wakiona jambo lisilofaa. Ukitutumia jina la kazi, watu atakaowahudumia na idhini ya mwombaji, tutaanza na simu za waajiri huku tukisubiri vyeti.