Makopo matano bado ni chakula kimoja

Mhariri,

Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa samaki wa mapambo, pale mlipojibu swali la msomaji kuhusu kitatange wakubwa wa baharini, hawa wengine wanawaita enjofishi, mkasema atafute chakula kimoja kizuri cha dukani ampe asubuhi na jioni, basi. Jamani. Kwa hawa samaki huo ushauri unaumiza, na mi nasema kwa uchungu manake nilikuwa mtu wa kopo moja miaka miwili mizima na aliyelipa ni samaki.

Nina Pomacanthus imperator, wafugaji tunamwita empera. Nilimchukua bado mdogo, mwili wa bluu nzito na yale maduara meupe kama mtu kachora kwa chaki, hujui kabisa kwamba akikua atageuka awe na mistari ya njano na bluu. Alikuwa mlafi ajabu, nikimwaga kamba wa kugandishwa anakula kama hajala wiki, na mi nikaona mambo si ndo haya, samaki anakula, tatizo liko wapi. Kamba asubuhi, kamba jioni, katikati peleti kidogo, zile punje kavu za dukani. Mwaka wa pili nikaona kadoa keupe juu ya jicho nikadhani kajigonga kwenye jiwe. Baada ya muda vikawa vishimo vitatu, halafu vikaanza kufuata ule mstari wa ubavuni, ukimwangalia kwa karibu ni kama mtu kachoma ngozi kwa sindano akaacha hivyo hivyo. Na ile njano ikapauka, ikawa kama shati lililofuliwa mara mia.

Wafugaji wa zamani wanaujua huu ugonjwa wa vishimo vya kichwani. Vinavyotajwa sana kuwa chanzo ni chakula kisicho na vitamini za kutosha, na pia vumbi la kaboni ya kwenye filta, ule mkaa wa kusafishia maji, kuna majaribio ya mwaka 2011 yaliyofanywa kwa kangaja, samaki mwingine wa baharini, yakaonyesha kaboni ya aina fulani inaleta vidonda vya namna hii. Kwa hiyo mi nilitoa kaboni na nikabadilisha chakula kwa pamoja, siwezi kudai ni chakula peke yake kilichomponya. Ila rangi, hiyo nasema bila kusita ni chakula. Njano na machungwa ya samaki inatokana na vitu anavyokula, mwili wake hauwezi kuvitengeneza toka mwanzo, usipompa ataitoa wapi?

Sasa turudi baharini kwenyewe, manake ndo kiini cha barua hii. Mwaka 1968 watafiti wawili, Randall na Hartman, walichapisha kazi yao ya kuchunguza matumbo ya samaki wa Karibiani, aina 212. Kwa kitatange wa jenasi ya Holacanthus, zaidi ya asilimia 95 ya chakula kilichokuwa tumboni ni sponji, wale viumbe laini wa baharini wanaoota wameshikamana na miamba. Kwa ndugu zao wa jenasi ya Pomacanthus zaidi ya asilimia 70. Sponji! Huyu samaki kutwa yuko kwenye miamba anadonoa, huku sponji hii, pale ile, hapo kipande cha mwani, na mdomo wake ni mdogo ukilinganisha na mwili, umekaa kama kibano kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Halafu sisi tunamlisha minofu mara mbili kwa siku tunashangaa.

Na hapa ndo watu wengi wanakosea hata wakisikia neno mchanganyiko. Anaenda dukani anarudi na makopo matano, jekundu, kijani, la buluu, anazungusha Jumatatu hili Jumanne lile, anajiona amemaliza. Geuza kopo usome nyuma. Cha kwanza unga wa samaki, cha pili unga wa ngano, kopo la pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo, tofauti ni rangi ya kifuniko. Hayo makopo matano bado ni chakula kimoja. Na vitamini C haikai sana kwenye kopo lililofunguliwa, kwa hiyo hata ukiwa na pesa usinunue lile dubwana la kumalizika mwaka ujao, chukua dogo.

Mi sasa hivi kwa siku namlisha mara tatu, kidogo kidogo, alivyokuwa mdogo ilifika mara tano. Mwani lazima kila siku, yale makaratasi ya nori, yasiyo na chumvi wala mafuta wala viungo, nabana kipande cha kiganja kwenye kibanio cha kioo asubuhi kabla sijanywa chai na jioni kinakuwa kimebaki uzi. Mwanzo alikigomea siku tisa. Siku ya tisa nikakipaka maji ya kome nikakibana karibu na jiwe analopenda kulala, akakidonoa akatema, akadonoa tena akatema, mara ya tatu hakutema, na mi nimekaa kwenye stuli kama naangalia penalti.

Cha sponji nakipata kwenye vyakula vya kugandishwa vilivyotengenezwa kwa ajili ya enjofishi, vipo, lakini soma uhakikishe sponji imeandikwa kweli maana picha ya enjofishi kwenye pakiti si ushahidi. Nachanganya na vitu vyangu: kamba, ngisi, kome, nori iliyolowekwa, spirulina kidogo (ule unga wa kijani wa mwani), nasaga ila sio uji, vibaki vipande anavyoweza kudonoa. Jelatini nayeyusha kwenye maji ya moto pembeni, nangoja ipoe iwe vuguvugu ndo namimina, na vitamini naweka mwisho kabisa kwa sababu moto unaziua. Natandaza kwenye mfuko wa plastiki iwe nyembamba kama chapati, inaingia friza, kila siku navunja kipande. Jiko linanuka usiku mzima, hilo sifichi, fanya wakati nyumbani hakuna mgeni.

Mambo matatu ya haraka. Kombe na samaki wabichi wa aina fulani wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kwa hiyo usiwafanye ndo mlo wa kila siku. Na moyo wa ng'ombe ambao watu wa samaki wa maji baridi wanausifu, huku hapana, mafuta ya mnyama wa nchi kavu sio yale ya baharini na hawa samaki wanahitaji omega 3 ya baharini. Vya kugandishwa viyeyushe uvioshe kwenye chujio, ile supu inachafua tangi bure.

Kuna anayeniuliza mbona rafiki yangu ana samaki kala peleti tu na yuko hai. Sawa, yuko hai. Wengine ni wagumu. Lakini kuna kama Holacanthus tricolor, mweusi na njano, mzuri sana, na ndo huyo wa sponji karibu tupu, ukimweka na peleti anakula, ananenepa kidogo, kisha taratibu anakwisha. Huyo mi nawaambia watu wamwache huko huko aliko.

Wa kwangu vishimo vingi vimejaa, kimoja juu ya jicho la kushoto kimeacha kovu na sidhani kama kitaondoka. Njano imerudi. Ilichukua miezi kumi hivi, kwa hiyo yule msomaji wenu aliyeuliza asitegemee wiki mbili.

Mhariri, nimeurudia ule ukurasa mara tatu kabla ya kuandika hii barua, kwenye jibu lote neno sponji halimo hata mara moja. Mkiweza, hilo jibu litoeni upya.

Wenu,
msomaji, mfuga samaki