Barua kwa mwanangu: Eliya naye alichoka

Kayole, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ameniambia umeacha kwenda kanisani. Sikuandikii kukukaripia. Kazi ilikatika, ukafunga, ukakesha Ijumaa baada ya Ijumaa, ukaambiwa upande mbegu, yaani utoe pesa, ndipo mlango ufunguke. Ukakopa kwa simu, ukatuma. Mlango haukufunguka, na sasa wenye mkopo wanakupigia asubuhi na jioni. Hata mimi ningenuna.

Ila aliyekuahidi si Mungu. Ni mtu mwenye kipaza sauti na nambari ya kutumiwa pesa iliyobandikwa ukutani. Kule Samaria, Simoni mchawi alipotaka kununua karama kwa fedha, Petro alimwambia ipotelee mbali pamoja naye. Maneno makali, nami nayapenda.

Soma 1 Wafalme 19, polepole. Nabii Eliya ametoka kuona moto ukishuka mlima Karmeli. Malkia Yezebeli anamtishia, anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko na kuingia jangwani peke yake. Anaketi chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Sasa angalia alivyotendewa. Hakuhubiriwa. Hakuulizwa imani yake imekwenda wapi. Malaika alimgusa tu: "Inuka, ule." Mkate juu ya makaa, gudulia la maji kichwani pake. Akala, akalala tena, akalishwa mara ya pili, ndipo akapata nguvu ya kufika Horebu, mlima wa Mungu. Huko akalalamika, akaulizwa tena, akarudia malalamiko yale yale karibu neno kwa neno, na Mungu akamsikiliza mara zote mbili. Kisha akampa kazi, akamwambia wako watu 7,000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti. Yeye alidhani amebaki peke yake!

Kwa hiyo usijilazimishe kushangilia. Ukishindwa kuomba, isome Zaburi ya 88. Inaishia gizani, haina shukrani mwishoni, na bado imo katika Biblia.

Ibada ya kwanza hapa kwetu ni saa moja. Wengi ni wazee, mhubiri hakawii, na hakuna atakayekuuliza kama umepata kazi. Usipojisikia kuja, pita nyumbani tu baada ya ibada. Na hizo karatasi za mkopo uje nazo, baba yako azipigie hesabu. Usikope kwingine ili ulipe huko.

Mama yako