Tuyapime maji mapya ya chumvi kabla ya kununua unga wa alkali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwaeleze wenzangu wanaofuga matumbawe na samaki wa bahari majumbani jambo ambalo, kwa maoni yangu, linawagharimu fedha nyingi bila sababu. Mfugaji anapoona matumbawe yake yamejikunja na kipimo cha alkali (uwezo wa maji kuzuia asidi, unaotokana hasa na kaboneti) kimeshuka, ushauri anaopewa dukani karibu kila mara ni mmoja, nao ni kununua unga wa kuongeza alkali na kuutia tangini. Ni wauzaji wachache mno wanaomuuliza swali la awali: maji mapya aliyoyakoroga kwa chumvi kwenye pipa, kabla hayajaingia tangini, yalisoma ngapi?

Swali hilo hutenganisha matatizo mawili yasiyofanana hata kidogo. Matumbawe yanapojenga mifupa yake hutumia madini ya kalisi na alkali, kwa hiyo maji mapya yakisoma digrii 8 za alkali (si za joto) na tangi likasoma 6, upungufu umetokana na ukuaji wa viumbe na unga wa dukani una kazi ya kufanya. Lakini maji mapya nayo yakisoma 6 wakati maelezo ya chumvi hiyo yanaahidi 8, kasoro iko kwenye pipa, kwenye chumvi au kwenye kipimo chenyewe, na kila unapobadilisha maji unaiingiza tena tangini kwa mkono wako.

Pa kuanzia ni kutazama vipimo vitatu kwa pamoja. Maji halisi ya bahari yenye chumvi gramu 35 kwa kilo yana kalisi takriban miligramu 410 kwa lita, magnesiamu takriban 1,290, na alkali inayokaribia digrii 7, ingawa chumvi nyingi za matumbawe hutengenezwa kwa makusudi zizidi hapo kidogo. Vipimo vyote vitatu vikiwa chini kwa uwiano ule ule, tuseme kalisi 365 na magnesiamu 1,140 pamoja na alkali iliyokaribia digrii 6, hakuna kilichopungua isipokuwa chumvi yenyewe. Maji yako yana gramu 31, si 35, hata kama kifaa chako kinadai vinginevyo. Alkali ikiwa imeshuka sana, kalisi imeshuka kidogo na magnesiamu imebaki palepale, chokaa imejitenga na maji wakati wa kukoroga. Kimoja peke yake kikienda kombo, rudia kwanza kipimo hicho kwa matone mapya ya dawa ya kupimia kabla ya kulaumu chochote.

Upande wa vifaa ndiko ninakokuta makosa mengi zaidi. Haidromita, yaani kifaa cha kupimia chumvi majini, ikiwa ni ya plastiki yenye mkono unaocheza, hunasa viputo vya hewa, viputo huunyanyua mkono, na mfugaji huridhika na maji ambayo bado ni hafifu. Rifraktomita, inayopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, ni bora, lakini nyingi ya zile za bei nafuu zilitengenezwa kwa ajili ya maji yenye chumvi ya kawaida na si ya bahari, hivyo hata zikirekebishwa zisome sifuri kwa maji safi, huweza kukosea gramu moja au mbili zinapofika 35. Dawa yake ni kuzirekebisha kwa kimiminika maalumu cha gramu 35, na asiyekipata anaweza kujitengenezea: gramu 36.5 za chumvi ya mezani zikiyeyushwa katika gramu 963.5 za maji yasiyo na madini, mwanga hupinda ndani yake sawasawa na ndani ya maji ya bahari ya gramu 35. Mchanganyiko huo ni wa kurekebishia kifaa tu na usiingie tangini, kwa kuwa hauna magnesiamu, kalisi wala alkali ambayo matumbawe yanaihitaji.

Ama kuhusu chokaa kujitenga, chanzo chake kwa kawaida ni utaratibu wa kukoroga. Wapo wanaomimina chumvi kwanza kwenye ndoo kisha wakaifuata na maji. Katika dakika zile za mwanzo maji machache hukutana na chumvi nyingi, kalisi na kaboneti hushikana, na ukungu mweupe unaoonekana hapo hautaondoka kwa kukoroga zaidi. Maji ndiyo yatangulie, pampu iwe inazunguka, na chumvi itiwe kidogo kidogo. Joto nalo huongeza tatizo, maana chokaa, tofauti na sukari, huyeyuka vibaya zaidi maji yanapopashwa. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam sioni hita ina kazi gani ndani ya pipa la kukorogea, na anayeikuta imevaa ganda jeupe ajue alkali yake imeishia hapo. Kuongeza unga wa alkali juu ya maji ambayo tayari yamejaa ukungu huo ni kuongeza chokaa nyingine tu.

Usomaji mdogo wa pH, kipimo cha asidi majini, katika maji mapya huwatisha wengi pasipo haja. Chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi hujaa hewa ya ukaa tunayoitoa tunapopumua, hewa hiyo huingia majini, na pH hushuka hadi 7.8 ilhali alkali iko sawa kabisa. Chukua kikombe cha maji hayo ukipulizie hewa nje ya nyumba kwa saa moja. pH ikipanda, fungua dirisha na uache kutafuta dawa.

Kuhusu maji ya kukorogea sina mengi. Yawe ya RO, yaani yaliyosukumwa kupita kwenye utando mwembamba wa kuchujia, kisha yakapitishwa kwenye chujio la kuondoa madini, kwani maji ya bomba yana klorini, na visima vingi vya pwani vimeingiwa na chumvi ya bahari kwa kiwango usichokijua, kwa hiyo hesabu yako ya chumvi huharibika kabla hujaanza. Wanaouliza kwa nini tusichote tu baharini wakumbuke masika, wakati Mto Msimbazi unapomwaga matope na maji yasiyo na chumvi mbele ya mji.

Linalonisumbua zaidi ni desturi ya kuuza chumvi hii kwa kupima kilo kutoka kwenye ndoo kubwa iliyofunguliwa. Chumvi ya matumbawe ni mchanganyiko wa punje za ukubwa tofauti, na ndoo inaposafirishwa na kusukwasukwa, punje ndogo hushuka chini, hivyo anayenunua kilo ya juu na anayenunua kilo ya mwisho hawapati kitu kimoja. Zaidi ya hapo, kloridi za magnesiamu na kalisi hufyonza unyevu wa hewa upesi mno, mfuko wa plastiki uliofungwa fundo hauzuii unyevu huo, na baada ya wiki chache mteja hupelekewa mabonge ambayo sehemu ya uzito wake ni maji na sehemu nyingine imekwisha kugeuka chokaa isiyoyeyuka. Mteja huyo huyo akirudi kulalamika kwamba alkali haipandi, huuziwa unga.

Nawaomba basi wauzaji waibiringishe ndoo vizuri kabla ya kupima, wafungashe kwenye vyombo visivyopitisha hewa, na waandike juu yake tarehe ndoo ilipofunguliwa pamoja na viwango vya kalisi, magnesiamu na alkali ambavyo mtengenezaji ameviahidi kwa gramu 35. Bila viwango hivyo, mnunuzi hana cha kulinganisha na anachokipima nyumbani. Wakiweka na kimiminika cha kurekebishia rifraktomita kwenye rafu ile ile ya unga wa alkali, mimi nitakuwa wa kwanza kukinunua.

Mfugaji wa matumbawe,
Dar es Salaam