Miguu ya mama yule na vidonge vyake vya tansio

Goma, Jumapili jioni

Dada Furaha,

Salamu kwako na kwa wote hapo Kadutu. Barua yako nimeipata, ile ya mama mgonjwa wako mwenye tansio (shinikizo la damu kubwa): miguu imevimba, anameza amlodipini, kidonge cha kushusha tansio, na furosemidi, dawa ya kukojoza, na namba mliyopima ni 160 kwa 95.

Kwanza miguu. Mguu mmoja tu ukivimba, au mama akikosa pumzi anapolala chali, usilaumu kidonge, mwite daktari. Ikiwa yote miwili imevimba na hana lingine, amlodipini ndiyo ya kushuku. Dawa hiyo huzuia kalsiamu kuingia katika misuli ya kuta za ateri (mishipa inayotoa damu moyoni), misuli ikalegea na njia ya damu ikapanuka. Shida ni kwamba hulegeza ateri kuliko vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), basi damu inasukuma kwa nguvu ndani ya kapilari, vile vimishipa vyembamba kati yake, na maji yanavujia vifundoni. Mwili haujazidiwa na maji, ndiyo sababu ile furosemidi haijasaidia. Itamkojoza tu na kumpotezea madini ya potasiamu. Mwulize daktari kama anaweza kushusha miligramu 10 ziwe 5, au kuongeza enalapirili, kidonge kingine cha tansio, ambacho hulegeza vena pia. Nacho kina shida zake: kikohozi kikavu, potasiamu kupanda, na mwenye mimba hapewi kabisa. Midomo au ulimi ukivimba, asimeze kingine, akimbizwe hospitali.

Sasa ile 160 kwa 95. Mlimpima vipi? Mkono mnene kwenye mkanda mdogo hutoa namba kubwa ya uongo. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Akojoe kwanza, aketi dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono usawa wa moyo, na asiongee (wewe pia usimwongeleshe!). Mtu aliyepanda mlima wenu akapimwa mlangoni, hapo mmepima mlima. Pima mara mbili, kisha akisimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, anaweza kuanguka kwenye utelezi wa mvua, na kuongeza dozi ni kumsukuma.

Kutoboa kapsuli ya nifedipini, dawa nyingine ya tansio, na kuitia chini ya ulimi, acheni hata kama wazee wa kazi wanaipenda: tansio huporomoka ghafla, ubongo na moyo vikakosa damu.

Mwambie aje na vidonge vyote, mvihesabu pamoja bila kumgombeza. Anayenunua nusu plaketi (karatasi ya vidonge) fedha ikipatikana hawezi kuwa anameza kila siku. Wale samaki wadogo wa ziwa, sambaza kavu za chumvi, aziloweke, amwage maji yale.

Niandikie namba mpya mkishapima.

Dada yako,
Neema